Mkono wa Kushoto wa Koti

Huku kwetu Rakops, mtu asiyetimiza neno lake anaambiwa, "Wewe una kesho ya Segametsi." Mwenyewe, mwanamke mshona ngozi, alikuwa anasikia na kucheka. Utamkuta kibandani kwake karibu na tangi la maji, ngozi iko mapajani, shazia, ile sindano nene ya ngozi, ameibana kwa meno. Ukija kudai mkoba wako au tandiko la farasi wako anakujibu bila hata kukutazama: "Kesho, ndugu yangu. Kimebaki kidogo tu." Hicho kidogo kiliwahi kuchukua miezi minne. Watu walimkumbusha kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, naye akawaambia matumbo yao yalikuwa mabovu tangu zamani.

Namjua kuliko wengi kwa sababu mimi ni muuza nyama, na ngozi za ng'ombe ninaowachinja zilikuwa zinaishia kwake. Naitwa Baruti, lakini wenzangu wa ngozi wananiita Mifupa. Nikisema wenzangu wa ngozi nina maana ya Marok, watu wazima wenye ng'ombe na wajukuu tunaovaa ngozi nyeusi kuanzia kofia hadi buti, katika jua la kukaanga yai, minyororo inaning'inia kiunoni, na tunasikiliza magitaa yanayofanya mbwa wahame mtaa. Makanisani wanasema tunaabudu shetani. Mimi sijawahi kumwona huyo shetani kwenye tamasha letu hata moja, na kama alikuja, basi hakununua nyama.

Mfalme wetu alikuwa Tladi. Tladi maana yake radi, na sauti yake ndivyo ilivyokuwa. Jina alilopewa na mama yake pale Mopipi ni Mmoloki Keitseng. Alipoanza, waimbaji wengine wa muziki huu walikuwa wanapiga kelele kwa lugha za watu, habari za barabara na pikipiki ambazo hawana. Yeye akaimba ng'ombe, kwa Kitswana, na magitaa yaleyale.

Nitasema wimbo mmoja tu. Mwaka ule wa ukame mkubwa ng'ombe walikuwa wanalala chini kwa njaa wasiweze kuinuka. Kila asubuhi tulipita zizini kuwainua, mmoja anashika pembe, mwingine mkia, mnavuta mpaka miguu ikumbuke kazi yake. Ng'ombe asipoinuliwa hadi saa nne, kwisha habari yake. Tladi alitoa wimbo mwaka huo, na kiitikio chake ni hicho tu: "Shika pembe, nami nishike mkia." Mwaka huohuo mke wangu alifariki, nikalala chini kama wale ng'ombe. Siogi, sichinji, mlango sifungui. Kijana mmoja jirani akawa anaupiga wimbo ule kwenye redio kila alfajiri, na siku ya kumi na moja nikaamka nikaenda kumwambia apunguze sauti. Nikawa nimeinuka. Kwa hiyo mtu akiniambia ule ni muziki wa kelele, mimi hugombana naye kweli kweli.

Segametsi hakuwahi kuhudhuria tamasha hata siku moja. Baba yake alikuwa mshona matandiko wa wafugaji, hakujaliwa mtoto wa kiume, akamwachia binti yake msharasi wa kutobolea ngozi, kisu na kibanda. Alipofika miaka arobaini farasi walikuwa wamepungua na magari yameongezeka, kazi ikawa ya kubahatisha. Mimi ndiye niliyempelekea koti la kwanza la Marok. Alilishona vizuri mno, njumu za chuma zimepangwa mgongoni zikachora kichwa cha ng'ombe kinachoonekana kama kinapumua. Likafika tamasha la Francistown mgongoni mwangu, Tladi akaliona, na mwezi uliofuata pikapu yake ikasimama mbele ya kibanda.

Wanakijiji wana pua ndefu. Walisema Segametsi anampenda. Alikuwa amemzidi miaka kumi na mitatu, hakuwa na mume, na Tladi akija alikaa siku nzima. Mimi niliwahi kukaa nao, na nitawaambia nilichokiona. Segametsi anashona, Tladi amekaa kwenye debe lililopinduliwa, anaimba kwa sauti ya chini, bila gitaa, anabadilisha neno hapa na pale. Sindano ndiyo iliyompa mwendo. Segametsi akikunja uso, ubeti ule unatupwa. Akiendelea kushona kama hakusikia kitu, ubeti umepita. Nyimbo zote ambazo nchi nzima inaziimba zilipitia pale kwenye debe kwanza. Kama huko ni kupenda, haya, alimpenda.

Mwaka juzi Tladi alimletea ngozi yenye mabaka meusi na meupe. Ilikuwa ya Phatshwana, ng'ombe wa mama yake, aliyemlisha maziwa wakati baba yake amekufa na nyumbani hapana kitu. Phatshwana alilala chini wakati wa ukame, wakamwinua wiki tatu, wiki ya nne akakataa.

"Nishonee koti," Tladi alimwambia. "Lisiwe na chuma wala minyororo. Koti la heshima, la mtu kwenda nalo kwenye baraza. Mama yangu anasema sina koti la kiutu, nimejaza takataka za chuma tu. Nataka siku moja niingie kwake nimemvaa Phatshwana."

"Kesho," akasema Segametsi.

Hiyo kesho ikaenda mwaka na nusu. Mwanzoni nilidhani ni uvivu wake wa kawaida, baadaye nikaelewa. Tladi alikuwa amekuwa mtu mkubwa, matamasha mpaka nje ya nchi, na kilichomrudisha Rakops ni koti tu. Akija anakuta limebaki kidogo, anacheka, anapindua debe, anakaa. Koti likiisha atakuja kufanya nini?

Jumatano moja ya mwezi wa sita, baridi ya kukata masikio, nilimpelekea Segametsi ngozi mbili nikamkuta kwenye simu.

"Liko tayari," anasema. "Haki ya Mungu, Tladi. Uko kwa mama yako? Basi njoo kesho jioni ulichukue."

Nikatazama msumarini. Koti la Phatshwana lilikuwa linaning'inia na mkono mmoja, wa kulia.

"We mwanamke," nikamwambia, "na mkono wa kushoto?"

"Nitaushona akiwa hapa. Akikuta bado, si itabidi akae?" Akacheka kama msichana aliyeiba sukari. "Ana wimbo mpya, Mifupa. Beti mbili tu kaniimbia mpaka sasa. Nataka kusikia unaishaje."

Nami nikacheka. Nataka hilo lijulikane, kwamba nilikuwepo na nilicheka.

Alhamisi jua lilipokuwa linazama, katikati ya Mopipi na Rakops, ng'ombe mweusi alivuka barabara kurudi nyumbani kwake. Pikapu ya Tladi ikamgonga. Polisi walisema hakuteseka, lakini polisi husema hivyo kwa kila mtu. Tulipata habari Ijumaa asubuhi kwenye redio, katikati ya bei za mifugo, nikaacha nyama nzima juu ya meza nikakimbia kibandani. Segametsi alikuwa amekaa, koti liko magotini, msharasi uko mkononi, hafanyi kitu.

"Alikuwa anakuja kwangu," akasema.

Mazishi yakapangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Jumanne tulikwenda Mopipi kwenye sala za jioni. Mama Mmoloki, mama yake Tladi, alikuwa amekaa chini juu ya godoro kama ilivyo desturi, amejifunika blanketi mpaka kidevuni, kamwili kadogo. Kila aliyeingia kumpa pole alimshika mkono na kumuuliza swali moja.

"Alikuwa anaenda wapi?"

Watu wakawa wanampa pole na kutoka. Huko nje wanawake wa kanisani walikuwa na majibu tele. Alikuwa anaenda kwa mke wa mtu. Alikuwa amelewa. Alikuwa anawahi ibada zao zile za usiku. Nilimwambia mmoja wao afunge domo lake kabla sijamtafutia kufuli, na mjomba wa marehemu, mzee Gabanakgosi, akaniambia nikitaka kugombana niende kugombana na kondoo wangu.

Segametsi alipofika godoroni akaulizwa vilevile. "Mwanangu alikuwa anaenda wapi, mama?" Nilimwona anafungua mdomo. Kisha akaukumbatia tu ule mkono, akainuka akatoka.

Kwenye gari wakati wa kurudi akasema, "Inabidi nimwambie."

"Umwambie nini? Kwamba ulimdanganya mwanawe akafa njiani?"

"Ndiyo."

"Maji yakimwagika hayazoleki, Segametsi. Nyamaza. Huyo mama ana mzigo wa kumtosha."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye hekima. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, maana na mimi nilikuwa kibandani siku ile.

Jumamosi, kabla hakujapambazuka vizuri, Marok walikuwa wamejaa Mopipi. Walitoka Maun, Ghanzi, Letlhakane, Francistown, mia mbili na zaidi, wamesimama kwa mistari katika ile baridi, ngozi zinalia kila mtu akijigeuza. Wanaume wenye mafuvu ya ng'ombe mabegani walikuwa wanalia bila kujificha, kamasi zinawatoka kwenye ndevu. Mtu mmoja akaanza, polepole, "Shika pembe," na mistari yote ikajibu, "nami nishike mkia." Nimeusikia wimbo ule mara elfu, lakini asubuhi ile nilishindwa kuitikia.

Getini alisimama mzee Gabanakgosi na fimbo. Kwetu mwanamume haingii msibani wala kwenye baraza bila koti, na mzee huyu aliwahi kumrudisha diwani mzima kwa sababu alivaa sweta. Akatutazama kuanzia buti hadi kofia.

"Hivi ni vitu gani mmevaa?"

"Koti, mzee," nikasema.

"Hili nalo ni koti?"

"Lina mikono miwili na vifungo, mzee. Hesabu."

Akahesabu kweli. Kisha akaguna, "Koti ni koti," akatupisha. Wanawake wetu walikuwa wamejifunga shali na vitambaa vya kichwani juu ya suruali zao za ngozi. Segametsi alivaa gauni la dada yangu, kubwa mara mbili yake, na kwapani alikuwa na mfuko wa plastiki. Sikumuuliza una nini.

Kwenye mazishi yetu kila msemaji ana sehemu yake. Mmoja anasoma maisha ya marehemu, mmoja anasema kwa niaba ya majirani, na mmoja lazima asimame aeleze kifo kilivyokuja, marehemu alikuwa wapi, na nani, alisema nini mwisho. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wote hunyamaza. Mwongozaji alipoitaja, mzee Gabanakgosi alisimama mbele ya jeneza, akavua kofia.

"Mimi ndugu zangu sina la kueleza," akasema. "Mtoto alikuwa anakula kwa mama yake. Akainuka chakula hakijaisha, akatoka. Tumekwenda kumchukua barabarani. Alikuwa anakwenda wapi, hatujui. Tutamzika hivyohivyo."

Akawa anarudi kukaa. Ndipo Segametsi aliposimama katikati ya wanawake.

"Mimi najua," akasema.

Moyo wangu ukaenda kwenye buti.

"Alikuwa anakuja kwangu. Naitwa Segametsi, mshona ngozi wa Rakops. Mmoloki aliniletea ngozi ya Phatshwana, nimshonee koti la kuja kumwonyesha mama yake. Nimemzungusha mwaka na nusu. Jumatano ile nikampigia simu nikamwambia liko tayari, aje. Lilikuwa haliko tayari. Nilimdanganya ili aje akae nami, kwa sababu akikaa huwa anaimba." Akawageukia wale wanawake wa kanisani. "Hakulewa. Hakuwa na mke wa mtu. Alikuwa anafuata koti."

Masufuria ya nyama yakawa yanasikika yakichemka kule nyuma. Mzee Gabanakgosi alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Mwanamke! Unathubutu kusimama hapa…"

"Alidanganya tukiwa wawili," nikasema. Sijui nilisimama saa ngapi. "Mimi nilikuwepo, nikacheka."

"Tokeni! Wote wawili, tokeni!"

"Gabanakgosi." Mama Mmoloki alikuwa amesimama, blanketi limeanguka. "Kaa chini."

Akaja polepole mpaka alipo Segametsi, wanawake wanampisha. Tulidhani atampiga, na nadhani Segametsi alikuwa anangoja kupigwa, maana hakuinua uso.

"Ni mimi niliyemtoa nyumbani," yule mama akasema. Hakusema na sisi, alisema na Segametsi. "Alikuwa anakula. Nikamwambia, 'Jumamosi kuna baraza la mjomba wako, nawe mtu mzima huna hata koti la kiutu. Utaniaibisha mpaka lini?' Akacheka. Akaweka sahani chini akasema, 'Ngoja, mama, nakuja.' Akaondoka. Siku tisa, mwanangu. Siku tisa nimekaa kwenye lile godoro najua nimemfukuza kwa mdomo wangu. Nimejua amekufa ananikimbia."

"Hapana, mama. Alikuwa anarudi."

"Alikuwa anarudi," akasema yule mama, akaanza kulia kwa sauti ambayo sijui alikuwa ameiweka wapi siku zote zile. Wakashikana. Hata sasa sijui nani alikuwa anamshika mwenzake asianguke.

Alipopata nafuu akaugusa mfuko wa plastiki. "Ndilo hilo?"

Segametsi akalitoa. Mabaka meusi na meupe, kola ndogo ya heshima, bitana ya bluu. Mama Mmoloki akapitisha kiganja mgongoni mwa koti, akasimama kwenye baka moja jeusi karibu na bega. "Hapa ndipo nilipokuwa naegemeza kichwa nikimkamua," akasema. "Limeisha?"

Watu wote wa Rakops waliokuwa pale tulijua jibu ambalo mwanamke yule amelitoa maisha yake yote.

"Bado, mama," akasema Segametsi. "Mkono wa kushoto. Nimejaribu wiki nzima, nimeshindwa kuushika."

"Sindano unayo?"

"Ninayo."

"Shona."

Mzee Gabanakgosi akaja na fimbo yake. "Dada, jua linatoka. Maiti haikai mpaka jua liwe juu, unajua."

"Wewe mwenyewe husema mwanamume haingii bila koti. Mwanangu ataingia kaburini bila koti? Tutangoja."

Wakafungua jeneza. Segametsi akakaa chini mchangani pembeni yake, akakunja mguu mmoja kama alivyozoea, akapaka uzi nta, akaanza. Umati ule wote, watu wa kanisa na watu wa ngozi, tulisimama tukimtazama mtu akishona. Msharasi ukamchoma mara mbili, akafuta damu kwenye gauni la dada yangu. Kisha mkono ukapata mwendo wake.

Mwendo ulipokaa sawa, akaanza kuimba. Sidhani alijua kwamba anaimba. Ilikuwa sauti ya chini, mbovu, isiyofika mbali, na kwa kitambo nilidhani ni wimbo wa kanisa. Kisha Marok mmoja pembeni yangu akanishika kiwiko kwa nguvu. Hatukuwa tunaujua. Mia mbili tunaojua kila pumzi ya Tladi, na wimbo ule hakuna aliyekuwa anaujua. Watu wakavua kofia. Maneno yake siyaandiki hapa kwa sababu si yangu, ila ulikuwa na ng'ombe ndani yake, na mtoto, na mlango ulioachwa wazi. Beti mbili. Zikiisha Segametsi anarudi mwanzo, maana ya tatu hakuna aliyepewa.

Jua likatoka likatupiga usoni. Mkono wa kushoto ulikuwa umezunguka bega lote, pamebaki matundu matatu, kisha mawili. Hapo nikamwona anapunguza mwendo. Akaliangalia tundu la mwisho, sindano ikasimama hewani, na wimbo ukasimama nao. Hakuna aliyemhimiza, hata mzee Gabanakgosi.

Mama Mmoloki akachuchumaa, akamwekea mkono kisogoni.

"Leo, mwanangu," akamwambia. "Ni leo."

Segametsi akapitisha uzi, akafunga fundo, akaukata kwa meno.